Kiti cha Upande wa Bahari

Sajini Soizic Abgrall aliingia kwa Mzee Goulven Tanguy viatu vikichuruzika maji. Alikuwa amepita njia ya chini, ile inayofuata ukuta wa bahari, na wimbi likamkuta mbele ya karakana ya mashua.

"Vua viatu, mwanangu," mzee alisema bila kuinuka mezani. "Umepita wapi?"

"Njia ya chini."

"Njia ya chini, na umelowa hivyo? Leo mtu anapita pale na soksi kavu."

Soizic alidhani ni utani wa wazee. Aliviweka viatu karibu na mlango, akavuta kiti.

Hakuja kwa utani. Annaïg, mke wa mzee huyu, hakuonekana tangu jana. Gari-nyumba lao, lile jeupe lenye kitanda na jiko ndani, nalo halikuonekana. Saa moja iliyopita mwendesha mashtaka alipiga simu kutoka Brest, akasema maneno machache tu: mume aletwe mahabusu kabla ya jioni, isipokuwa Sajini awe na sababu nzuri ya kumwacha. Soizic hakuwa nayo. Alikuwa na muda wa kuitafuta, basi.

Dirishani alisimama Marivonne, dada yake Annaïg, mikono ameikunja kifuani. Ndiye aliyepiga ripoti.

"Muulize," Marivonne alisema. "Muulize mbele yangu."

"Mama Marivonne, nitauliza kwa mpangilio wangu." Soizic akamgeukia mzee. "Jana mkeo alitoka wakati gani?"

"Asubuhi. Asubuhi imeshakomaa."

"Alisema anakwenda wapi?"

"Hapana."

"Mligombana?"

"Hatugombani sisi. Aliniuliza maji, nikamwambia maji. Akanibusu hapa." Aligusa paji la uso. "Akatoka."

"Hana hofu," Marivonne alisema. "Mtazame. Mke hajarudi, na yeye anapasha bakuli moto."

Kweli mzee alikuwa ameinuka. Alishusha bakuli tatu za kahawa kutoka rafuni, zile zenye masikio, za wenyeji zikiwa na majina yao ubavuni, akazisuuza kwa maji ya birika la umeme. Alimpa Soizic ya mgeni, isiyo na jina. Yake akaiweka kwake. Ile ya Annaïg akaiweka penye kiti kitupu, akaimiminia kahawa kama zile nyingine. Hakuna kilichobadilika usoni mwake. Alikuwa kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi.

"Kwa nini unatumia birika la umeme?" Soizic aliuliza. "Jiko la gesi lina nini?"

Mzee alilitazama jiko. Vishikizo vyake vyote vilikuwa vimeng'olewa, zimebaki pini tupu za chuma.

"Annaïg anajua," alisema.

"Mimi pia najua," Marivonne alidakia. "Kaving'oa dada yangu. Leo nimevikuta kwenye mfuko wa aproni yake. Na hii je?" Alichomoa mfukoni ufunguo uliogandiwa na unga wa kijivu, akauweka mezani. "Ufunguo wa akiba wa lile gari. Ulikuwa ndani ya kopo la unga wa ngano nyeusi, chini kabisa. Mwanamke anayemficha mumewe ufunguo, anayeng'oa vishikizo vya jiko nyumbani kwake mwenyewe, anaogopa nini? Niambie, afande. Anaogopa nini?"

"Uliwahi kumsikia akisema anaogopa?"

"Annaïg? Huyo angezama mguu kwa mguu na bado akwambie maji ni ya kunawia."

Soizic aliuchukua ufunguo, akaufuta unga, akautia kwenye bahasha. Mzee aliufuata kwa macho hadi ulipopotea, kisha akatazama dirisha.

* * *

Jirani Bernez Quiniou alikuwa akisubiri uani, kofia mkononi, ndoo ya kome kando ya miguu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na leo alikuwa anayalinda.

"Nilichoona nimeshamwambia koplo wako."

"Niambie mimi sasa."

"Jana nateremka pwani na ndoo yangu. Gari-nyumba linatoka hapa. Polepole, utadhani linabeba mayai. Kwenye usukani koti la mvua la njano na kofia ya buluu. Koti la Goulven, kofia ya Goulven."

"Uso?"

"Kulikuwa na ukungu, Soizic. Hata kidole changu ningekisalimia."

"Upande wa abiria?"

"Hapakuwa na mtu."

Huko ndani Marivonne alikuwa amefungua dirisha ili asikie. "Na Annaïg haendeshi lile gari!" alipaza sauti. "Anaendesha kile kigari chake cha kwenda dukani, na hicho nacho anakiegesha kwa sala! Nani basi aliyekuwa anaendesha?"

Soizic aliinama penye nguzo ya lango. Jiwe lilikuwa limekwanguliwa kwa urefu wa mkono, na rangi nyeupe imebaki kwenye mkwaruzo.

"Hii ni ya lini?"

"Ya jana," Bernez alisema. "Juzi haikuwepo. Nimeegemea nguzo hiyo miaka yote, ningeiona."

"Alikuwa na haraka ya kuondoka na alichobeba," Marivonne alisema dirishani.

"Bernez amesema polepole, mama."

Bernez alikohoa. "Kuna neno moja. Sikulisema kwa sababu ni la kipuuzi."

"Sema la kipuuzi."

"Nilimpungia mkono. Hakunirudishia. Sasa, Goulven anampungia kila mtu mwenye gari-nyumba, anayemjua na asiyemjua. Ndiyo adabu yao hao. Goulven anawapungia hata ng'ombe. Jana nimesimama mbele ya taa zake, napunga kama bendera, yeye mikono yote miwili kwenye usukani, anaitazama barabara kama imemtukana. Nikajisemea, leo kaamkia wapi huyu?"

"Mikono yote miwili."

"Ameung'ang'ania hivi." Bernez alishika hewa kwa ngumi mbili, mabega yamepanda hadi masikioni.

Soizic alimtazama jinsi alivyosimama. "Halafu wewe ukaenda wapi?"

"Kuchimba kome. Nao sikuchimba sana. Jana ilikuwa bamvua, si unajua? Maji yametoka mpaka mwisho wa dunia, kisha yakarudi kama yameitwa. Kahawa ya baada ya chakula niliinywea nyumbani, suruali inakauka kwenye kiti."

* * *

Aliporudi ndani, mzee alishusha bakuli tena.

"Utakunywa kahawa, mwanangu? Umelowa. Umepita wapi?"

Kahawa ya kwanza ilikuwa bado inatoa mvuke mbele ya kiti cha Soizic. Marivonne aliiona pia. Alibonyeza midomo.

"Anajifanya," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu asubuhi anajifanya."

"Nitakunywa, mzee," Soizic alisema. Akaisogeza ile bakuli ya kwanza pembeni, akapokea ya pili. "Nasikia ulikuwa mlinzi wa taa ya baharini."

"Men-Du," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu cha kukanyagia. "Mnara wa Men-Du, mpaka walipoweka mashine. Nikutegee kitendawili?"

"Tega."

"Nyumba yangu haina kona. Jirani yangu ananipiga usiku kucha, na sina pa kumshtaki."

"Huo ndio mnara wako. Jirani ni bahari."

"Umekipata upesi mno. Annaïg alikaa nacho wiki nzima, tulipokuwa wachumba."

"Na maji alikuwa anakuuliza tangu wakati huo?"

"Nani mwingine amwulize?"

Marivonne aliguna. "Hilo ni kweli. Dada yangu hajawahi kununua kitabu cha maji, kile cha saa za kujaa na kupwa, maishani mwake. Pwani nzima tuna kile kitabu jikoni, yeye anasema cha nini, wakati chake kinakoroma kitandani. Anamwuliza, 'Goulven, maji?' Huyu anajibu bila hata kugeuza shingo. Na hajawahi kukosea. Hilo nampa."

Soizic alisukuma bakuli. Katikati ya meza kulikuwa na ramani kubwa ya pwani ya Bretagne, imetandazwa chini ya karatasi ya plastiki, na bakuli zimekuwa zikiwekwa juu yake kwa wiki kadhaa. Zimeacha duara zake. Uzi mwekundu wa sufu uliiramba pwani yote, na kila mahali pa kulala palibandikwa kifungo cha shati.

"Hii ndiyo safari yenu?"

"Ya Annaïg," mzee alisema. "Mimi napelekwa."

Marivonne alicheka bila furaha. "Anapelekwa! Sikia. Yeye ndiye dereva."

Soizic aliweka kidole mwanzo wa uzi. Ulianzia mashariki, Cancale, ukaenda magharibi ukiibusu kaskazini ya nchi, ukapita Ploumanac'h na Roscoff, ukazunguka pua ya Bretagne, ukateremka Penmarc'h, ukarudi mashariki kwa kusini hadi ghuba ya Vannes. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akapita tena polepole, mara hii mkono wa kulia ameuinua kidogo.

"Bahari iko kulia," alisema. "Mwanzo mpaka mwisho."

"Kila mtu anakwenda hivyo," Marivonne alisema. "Dereva kushoto, abiria kulia. Bahari wanapewa wake zetu, ili wasilalamike kwamba wamepika safari nzima. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinipeleka hivyo hivyo."

"Kwa hiyo bahari ni ya abiria."

"Ya Annaïg. Ndiyo."

"Sasa nitajie vifungo hivi. Wewe dada yake. Hapa alitaka kuona nini?"

Marivonne alisogea, akavaa miwani. "Hapo... kuna mnara wa taa. Hapo mnara. Hapo nako." Kidole chake kilianza kwenda polepole. "Huu pia. Huu ni ule mrefu wa Penmarc'h. Hapo hakuna kitu, kuna mwamba tu na... mnara."

"Soko je? Annaïg anapenda masoko?"

"Anapenda vitambaa. Angekwenda mpaka Paris kwa kitambaa."

"Kuna soko hapa?"

"Hapana."

"Kanisa? Ndugu wa kutembelea?"

"Hapana." Marivonne alivua miwani. "Annaïg haipendi hiyo minara. Ilimchukulia mumewe ujana wake wote. Alikuwa anaiita wake wenza."

"Mzee," Soizic alisema. "Minara hii uliwahi kuiona kutoka nchi kavu?"

"Mimi?" Alifikiri. "Mlinzi wa taa anaona taa za wenzake usiku, kwa mbali. Mchana amelala. Hapana. Siijui ilivyo."

Soizic aliinuka. Alizungumza na Marivonne, lakini macho yake yalikuwa kwenye uzi.

"Mwanamke anapanga safari. Kila anapolala pana kitu asichokipenda yeye, anachokipenda mumewe. Na bahari yote ameiweka upande wa abiria. Dereva hatazami baharini, Mama Marivonne, dereva anatazama barabara. Angekuwa mzee ndiye dereva, angezunguka Bretagne nzima bila kuona mnara hata mmoja. Kile kiti cha upande wa bahari ni cha Goulven."

"Na gari linaendeshwa na nani?"

"Na aliyeng'oa vishikizo vya jiko ili nyumba isiungue. Aliyeuficha ufunguo ili mtu asiingie barabarani akasahau anakokwenda. Hakuwa anamwogopa. Alikuwa anamchunga. Umeona mwenyewe, bakuli mbili za kahawa."

Mzee alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Nguzo ya lango imekwanguliwa na mtu anayejifunza," Soizic aliendelea. "Mtu anayejifunza haachii usukani apunge mkono, hata asimamiwe na askofu. Na koti lile na kofia alivaa makusudi, ili kina Bernez waone Goulven bado anaendesha. Hakutaka kijiji kijue. Hata wewe hakukuambia."

"Hata mimi," Marivonne alisema.

"Sasa fikiri nami. Mtu anajifunza gari kubwa kama lile na hataki kuonekana. Kijiji hiki kila dirisha linatazama barabara. Angekwenda wapi?"

Marivonne aligeukia dirishani. Ukungu ulikuwa umeondoka. Ng'ambo kilionekana kisiwa cha Enez-Louarn, na nyuma yake, pasipoonekana na mtu, kulikuwa na uwanja wa nyasi ambako zamani walianikia mwani. Huendewa kwa njia ya mawe, maji yakitoka. Wakati huu njia haikuonekana. Pale ilipokuwepo palikuwa na maji ya kijani tu, yanakwenda kwa haraka.

Soizic alikuwa ameshatoa simu na kumpigia koplo wake. "Mevel? Nenda kwa watu wa boti ya uokoaji. Enez-Louarn, upande wa nyuma, halafu mkondo wote wa kusini. Ndiyo, sasa."

* * *

Walisubiri. Marivonne aliosha bakuli ambazo hazikuwa chafu. Mzee alimwuliza Soizic kama yeye si binti wa Abgrall mwoka mikate, Soizic akasema ndiye, na baada ya muda mzee akamwuliza tena, akasema ndiye.

Simu ilipolia, Soizic alitoka nayo ukumbini na kuacha mlango wazi kidogo.

"Tumelipata," Koplo Mevel alisema. Upepo ulikuwa unakula nusu ya maneno yake. "Limeegemea miamba, upande wa kusini. Limelala ubavu. Maji yamelisukuma kutoka kwenye njia ya mawe."

"Ndani?"

"Mmoja. Koti la njano."

"Kiti gani, Mevel?"

"Cha dereva. Amefunga mkanda. Ni yeye, Sajini. Ni Mama Annaïg. Lakini sielewi. Mtu wa hapa, mzaliwa wa hapa, anaingiaje kwenye njia ile wakati maji yanarudi? Wageni ndio tunaowaokota pale kila kiangazi. Siyo sisi."

"Sijui bado," Soizic alisema.

Alipiga simu Brest. Mwendesha mashtaka alisikiliza, akauliza habari ya mkanda mara mbili, akasema vizuri, basi, ajali, mzee abaki kwake. Akasema asante. Simu ikakatika.

Marivonne alikuwa amesimama nyuma ya mlango na taulo mkononi. Hakuhitaji kuambiwa. Macho yake yalikuwa makavu, na taulo ilikuwa imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

"Nimemwita muuaji," alisema. "Asubuhi, mbele ya koplo."

"Hatakumbuka."

"Mimi nitakumbuka." Kisha akauliza swali lile lile la Mevel. "Lakini Annaïg anaijua njia ile. Kila mara kabla ya kuivuka alikuwa..." Macho yake yakaenda jikoni, kwa mzee.

Soizic alitazama viatu vyake karibu na mlango. Vilikuwa vimefanya kidimbwi kidogo.

Alirudi jikoni akachuchumaa mbele ya kiti cha mzee, kichwa chake kikawa chini ya cha mzee.

"Mzee Goulven. Mke wako amepatikana. Alikuwa kwenye gari, kwenye maji. Amefariki."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari za hali ya hewa. Mkono wake ulikwenda ramanini, ukagusa kifungo kimoja, ukakaa hapo. Nje, wimbi liligonga ukuta, likarudi, likagonga.

"Na sasa nina swali moja," Soizic alisema, "halafu nitakuacha upumzike. Maji je? Njia ya Enez-Louarn, saa hizi mtu anavuka?"

Nyuma yake Marivonne alisema, "Usimwulize hilo." Lakini alikuwa amechelewa.

Goulven hakugeuza shingo. Dirisha lilikuwa mgongoni mwake, na kwenye kioo kizima hapakuwa na njia wala mawe, palikuwa na bahari tupu hadi ukutani. Alijibu upesi, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea.

"Anavuka. Mpaka jioni anapita na soksi kavu."

Marivonne aliiweka taulo juu ya uso wake.

Soizic aliinuka. Alikwenda kwenye mlango, akavaa viatu, akafunga kamba, kimoja, kisha kingine. Aliporudi kuaga, Marivonne alikuwa amekizungusha kiti cha mzee na kukielekeza dirishani, na yeye amekaa kushoto kwake, mikono mapajani. Wote wawili walikuwa wakitazama maji.

"Unakwenda, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Nakwenda."

"Ukikutana na Annaïg njiani, mwambie asikimbie," alisema. "Muda bado upo."